Maji ya Kujazia Tangi la Samaki wa Baharini: Mwongozo Kamili wa Kuyachagua, Kuyapima na Kuyatia

Simu zinazonijia ni zile zile. Tangi lina miezi mitatu, samaki walikuwa wazima, sasa konokono hawatembei, kamba kafa akijivua gamba, matumbawe yamejikunja kama ngumi. Nauliza swali moja: maji yakipungua, unajazia nini? "Maji ya bahari, nayafuata mwenyewe Nyali, safi kabisa." Au: "Nanunua ya chupa, haya haya tunayokunywa na watoto."

Wote wawili wamejitahidi na wote wawili wamekosea. Tangi linapopoteza maji, kinachoondoka ni mvuke mtupu. Chumvi yote inabaki. Anayelijazia kwa maji ya bahari anafanya kile kile wanachofanya wenye mabwawa ya chumvi kule Gongoni, kaskazini ya Malindi: jua linakausha, wao wanaingiza bahari nyingine, mpaka chumvi inaganda. Tofauti ni kwamba kule hawafugi kitatange.

Kwa hiyo maji ya kujazia ni maji baridi, yasiyo na chumvi. Na katika maji baridi, tunayoyataka ni yale ambayo yakikauka hayaachi kitu nyuma. Usafi wa kunywa ni habari nyingine kabisa, na hapo ndipo wengi huteleza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Rifraktomita ya maji ya bahari, yaani kifaa cha kupimia chumvi kwa mwanga, pamoja na maji yake ya kusawazishia ya 35 (sehemu 35 za chumvi katika elfu, kama gramu 35 kwa lita)
- Kipima TDS cha kalamu, yaani kipima jumla ya vitu vilivyoyeyuka
- Mitungi miwili ya lita 20 ya plastiki ya chakula, yenye vifuniko
- Jagi lenye alama za lita
- Utepe au kalamu isiyofutika kwa maji
- Kipande cha kioo kisafi
- Mzani wa jikoni unaosoma gramu
- Matone ya kupima klorini, yale ya mabwawa ya kuogelea
- Daftari

Ukibanwa na pesa, anza na rifraktomita na kipima TDS. Haidromita ya sindano ya plastiki nimeiacha nje makusudi. Kiputo kimoja cha hewa kikinata kwenye sindano, inadanganya, nawe utarekebisha tangi ambalo halikuwa na kosa.

## Hatua ya 1: Sawazisha kipimo chako

Weka matone mawili ya maji ya kusawazishia kwenye kioo cha rifraktomita, funika, subiri nusu dakika, kisha zungusha skrubu mpaka mstari ukae kwenye 35.

Wengi husawazisha kwa maji safi kwenye sifuri tu. Shida ni kwamba rifraktomita nyingi za bei ya chini zimepimiwa chumvi ya kawaida na si maji ya bahari. Hata sifuri ikiwa sawa, huku juu inaweza kukosea kwa sehemu moja hadi mbili.

Kama huna maji ya kusawazishia, tengeneza. Pima gramu 36.5 za chumvi safi ya mezani iliyokauka, ziyeyushe katika gramu 963.5 za maji yasiyo na madini. Kwenye rifraktomita mchanganyiko huo unasoma sawa na maji ya bahari ya 35. Mzani ndio kila kitu hapa, usikadirie kwa vijiko.

Umefaulu ikiwa: unapima maji yale yale mara tatu na mstari unarudi pale pale.

## Hatua ya 2: Jua tangi lako linakunywa kiasi gani

Pampu zote zikiwa zinafanya kazi, weka utepe kwenye usawa wa maji. Kama una sampu, yaani tangi dogo la chini la kuchujia, utepe unakwenda kwenye chumba cha pampu ya kurudishia, maana huko ndiko maji hupungua. Tangi la juu litabaki limejaa mpaka mwisho na kukudanganya.

Kila siku saa ile ile, jazia kwa jagi mpaka kwenye utepe, uandike umetia kiasi gani. Fanya hivyo siku 7. Wakati wa kaskazi, joto likizidi na feni imeelekezwa juu ya maji ili kuyapoza, hesabu hupanda sana, kwa hiyo rudia kipimo hiki msimu ukibadilika.

Kwa nini ujisumbue? Chukua tangi la lita 200, chumvi 35, yaani ndani yake mna kama kilo 7 za chumvi. Tuseme linapoteza lita 3 kwa siku. Ukijazia maji ya bahari, unaongeza gramu 105 za chumvi kila siku. Kwa siku 30 ni kilo 3 na ushei, na chumvi inafika 50 kwa lita. Hutafika huko, kwa sababu viumbe vyako vitakuwa vimekwisha kufa njiani.

Hesabu hiyo hiyo inafanya kazi kwa maji ya bomba. Tuseme yana nitreti miligramu 10 kwa lita, kiwango ambacho mtu anakunywa bila wasiwasi. Lita 3 kwa siku, mwaka mzima, zinaingiza karibu gramu 11. Katika lita 200 hiyo ni miligramu 55 kwa lita, kabla hata samaki hajala wala kunya. Shaba ya miligramu 0.05 tu kwa lita, kwa mwendo huo, ingefikisha 0.27. Kweli, mawe na mchanga vitanasa sehemu yake na kubadilisha maji kutapunguza nyingine. Lakini wanaotibu vimelea vya samaki kwa shaba hulenga kati ya 0.15 na 0.25, na kipimo hicho huua kamba na konokono. Ndiyo maana tangi huharibika mwezi wa tatu au wa nne na si siku ya kwanza, na ndiyo maana mwenyewe hakumbuki kosa lolote alilofanya.

## Hatua ya 3: Pima kila maji yaliyo nyumbani

Panga glasi mezani, kila moja na maji yake: ya bomba, ya kisima, ya chupa, ya mtungi wa dukani, ya mashine ya kuchujia. Zioshe kwanza kwa maji yale yale utakayopima. Chovya kipima TDS, kitikise kidogo kutoa viputo, subiri namba itulie, andika. Osha kalamu kabla ya glasi inayofuata.

Kisha fanya jaribio ambalo kwangu linashawishi kuliko namba. Dondosha tone moja la kila maji kwenye kipande cha kioo, uandike jina chini yake, uache pakavu mpaka kesho. Asubuhi kinyanyue kioo kwenye mwanga wa dirisha. Tone la kisima litakuwa limeacha duara jeupe lenye ukingo mnene, unaweza kulikwaruza kwa ukucha. La bomba litaacha pete nyembamba. Maji matupu hayaachi kitu, utatafuta tone lilikuwa wapi. Uchafu ule ule unaouona kwenye kioo ndio unaoutia tangini kila siku, ila huko hakuna wa kuukwaruza.

Mipaka ninayoitumia mimi: 0 hadi 5 kwa tangi la matumbawe. Kwa tangi la samaki watupu, hata 20 sipigi kelele. Zaidi ya hapo natafuta maji mengine.

Tahadhari: TDS ni jumla, haikwambii ni nini. Sitini za kalsiamu si sawa na sitini zenye shaba ndani. Tena kalamu haioni dawa za wadudu, na klorini huiona kwa shida. Namba ndogo ni sharti la kwanza, halafu uliza maji yamepita wapi.

## Hatua ya 4: Chagua chanzo

Bomba. Kwetu Mombasa maji ya mfereji hutoka mbali, kwenye chemchemi za Mzima kule Tsavo na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Yanafika na madini ya miamba, klorini, na chochote kilichomo kwenye mabomba na matangi ya njiani. Hayafai kutiwa moja kwa moja, ila ni malighafi nzuri ya mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwa presha kwenye utando unaozuia madini.

Kisima. Visima vingi vya kisiwani na kando ya pwani vina chumvichumvi, maana bahari inapenyeza chini kwa chini. Wapo wanaofurahi: "Si tangi ni la chumvi?" Hapana. Utarudi kwenye hesabu ya Gongoni.

Kuchemsha. Kunaua vijidudu, lakini madini hayaendi popote. Maji yanapungua sufuriani, na mengi ya yaliyokuwamo yanabaki humo humo. Uliza birika lako, lile gamba jeupe limetoka wapi.

Maji ya chupa na ya mitungi ya dukani. Maji mengi ya maduka ya kujaza mitungi yamepitia RO, na yanaweza kufaa. Lakini mwenye duka anauza maji ya kunywa: chujio likichoka maji bado yananyweka, naye hana haraka. Nimewahi kununua duka moja wiki mbili mfululizo. Wiki ya kwanza kalamu ilisoma 9, ya pili ikasoma 74, mtungi ule ule na kijana yule yule. Kwa hiyo nenda na kalamu yako mfukoni, upime kabla ya kulipa. Ya chupa yenye chapa, soma lebo: wengi huyarudishia madini kwa ajili ya ladha.

Maji ya betri. Kwa tangi dogo la lita 30 linalopoteza nusu lita kwa siku, haya ni suluhisho zuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu yametolewa madini. Ila soma lebo mara mbili. Kwenye rafu hiyo hiyo husimama asidi ya betri, ambayo ni asidi ya salfuri, na wauzaji wengine huita zote "maji ya betri". Chupa isiyo na lebo usinunue. Ukifika nyumbani pima: maji yenyewe yatasoma sifuri au karibu nayo. Namba ikiruka juu, usiyaguse na usiyamwage ovyo.

Maji ya kiyoyozi. Hapa nazungumza nikiwa na kovu. Mwaka wangu wa kwanza nilikinga maji yanayotiririka nje ya dirisha, kalamu ikasoma namba moja tu ya tarakimu, nikajiona mjanja. Kamba wawili walikufa ndani ya mwezi, konokono wakafuata, na kipimo cha shaba kikanieleza kwa nini. Maji yale yamekondeshwa juu ya mabomba ya shaba na mapezi ya aluminiamu yenye vumbi na ukungu. Yapigie pasi, tangini usitie.

Mvua. Iliyopita kwenye mabati imechukua zinki, vumbi na kinyesi cha kunguru, na kunguru wa Mombasa mnawajua. Ya kukinga hewani moja kwa moja, baada ya mvua kunyesha nusu saa, inaweza kukuvusha siku mbili za dharura.

Na kwa ndugu zetu walioko Maskati: maji ya mfereji wenu yametolewa chumvi ya bahari, lakini baada ya hapo hurudishiwa madini ili yasile mabomba na yanyweke. Pimeni kama sisi.

Jibu langu basi ni moja: mashine ya RO yenye resini ya mwisho (chembechembe zinazonasa madini yaliyobaki), ikiwa nyumbani kwako au kwa mtu unayemwamini na unayeruhusiwa kupima maji yake.

## Hatua ya 5: Ifanye mashine ya RO itoe maji matupu kweli

Mpangilio ni huu: chujio la uchafu, kaboni (mkaa wa kuchujia), utando wa RO, kisha resini. Kaboni inatangulia kwa sababu klorini huharibu utando. Utando unatoa sehemu kubwa ya madini, asilimia 95 na kuendelea ukiwa mzima. Resini inamalizia kilichobaki.

Ukinunua mashine ya jikoni ya kunywea, angalia chupa ya mwisho. Mara nyingi ni ya kurudisha madini, nao wauzaji huisifia sana. Toa maji kabla hayajafika kwenye chupa hiyo, fundi atakuwekea tawi dakika kumi.

Halafu presha. Hili ndilo linalowaangusha wenye nyumba zetu. Utando unataka karibu bari 3.5 hadi 4. Tangi lililoko juu ya paa, mita 5 kutoka mashine, linatoa nusu bari tu. Kila mita 10 za kimo ni bari moja. Bila pampu ya kuongeza presha utapata maji kidogo, machafu, na mengine yote yatakwenda kwenye mfereji, kisha utalaumu mashine.

Kila unapowasha, mwaga maji ya dakika chache za mwanzo. Mashine ikilala, madini hupenya taratibu hadi upande safi, na maji ya kwanza hutoka na namba ya juu. Ukiwasha kwa kikombe kikombe utaimaliza resini upesi. Bora ujaze mtungi mzima kwa mara moja.

Maji ya taka ni mengi, mara tatu au nne ya yale safi. Yakinge kwa kufulia na kudeki. Mjini kwetu kumwaga maji ni dhambi ndogo.

Pima sehemu mbili: baada ya utando na baada ya resini. Namba ya baada ya resini ikitoka sifuri na kuanza kupanda, badilisha resini siku hiyo hiyo. Resini iliyoshiba huanza kuachia silika na vinginevyo ilivyokuwa imevishika. Na mara moja kwa mwezi, dondosha matone ya klorini kwenye maji yaliyotoka kwenye kaboni. Yakigeuka manjano, kaboni imekwisha.

Umefaulu ikiwa: kalamu inasoma 0 au 1, tone halina alama kwenye kioo, na matone ya klorini hayabadiliki rangi.

## Hatua ya 6: Hifadhi bila kuyaharibu

Mtungi uwe mpya au uliobeba maji tu maisha yake yote. Uliowahi kubeba mafuta ya kupikia, sabuni au dawa ya shamba hausafishiki, hata ukiusugua kwa mchanga. Usitumie ndoo ya bati, wala bomba au vali ya shaba baada ya RO: maji matupu hula chuma.

Funika. Mbu wanapenda maji yaliyotulia, na watu wa nyumbani wakiona viluwiluwi watapuliza dawa. Dawa hiyo ikiangukia mtungini, kamba wako hawana siku mbili.

Kitu kingine kinachotisha watu bure: wakipima pH ya maji haya wanakuta 6 au chini, wanakimbilia magadi. Acheni. Maji matupu hunyonya kaboni dioksidi ya hewani na hayana nguvu ya kuizuia. Yakiingia kwenye maji ya bahari, pH yao haisikiki.

## Hatua ya 7: Kuyatia

Tia kidogo kidogo, kila siku, mahali penye mkondo mkali: kwenye sampu, au mbele ya pampu. Usimwagie juu ya matumbawe wala karibu na konokono walionata kioo. Lita 3 kwa siku tangi halizihisi. Lita 20 za Jumamosi, baada ya wiki ya kusahau, zinahisiwa na kila aliyemo.

Jaza mpaka kwenye utepe, usipite.

Kila wiki pima chumvi. Kitoa povu, kile chombo kinachotoa uchafu wa tangi kwa povu, kikimwaga majimaji mengi, kinaondoa na chumvi. Vivyo hivyo ile chumvi inayoganda ukingoni ukiifuta na kuitupa. Ukiendelea kujazia maji baridi, namba itashuka polepole. Hapo kasoro si maji yako ya kujazia. Irudishe kwa kutia maji ya chumvi siku ya kubadilisha maji.

Tena tusichanganye hayo mawili: kubadilisha ni kutoa maji ya chumvi na kurudisha ya chumvi. Kujazia ni kurudisha kilichofuka.

Umefaulu ikiwa: daftari linaonyesha 35 wiki nne mfululizo, bila kuyumba zaidi ya nusu.

## Hatua ya 8: Ukitaka boya likufanyie kazi

Boya na pampu ndogo vinajaza vyenyewe kila maji yanaposhuka, na ni raha hasa ukisafiri. Lakini boya hukwama: konokono hupanda juu yake, chumvi huganda kwenye bawaba.

Basi chagua mtungi wa akiba kwa kujiuliza, ukimwagika wote usiku mmoja itakuwaje? Lita 10 kwenye tangi la lita 200 zinashusha chumvi kutoka 35 hadi 33.3, watavumilia. Lita 50 zinaishusha hadi 28, na sebule imefurika. Mwisho wa mpira ukae juu ya usawa wa maji ya tangi na ya mtungi pia, usichovye, la sivyo pampu ikizimwa maji yataendelea kujivuta yenyewe.

Gusa boya kwa kidole kila Ijumaa, uone linapanda na kushuka.

## Kama chumvi imeshapanda

Kwanza hakikisha maji yako kwenye utepe. Kama yalikuwa chini, pengine kujazia tu kunatosha. Kama yako kwenye utepe na bado inasoma, tuseme, 39, lazima utoe maji ya tangi na kurudisha matupu.

Hesabu: toa 35 kwenye namba uliyosoma, gawanya kwa namba hiyo, zidisha kwa lita za tangi. Kwa lita 200 zenye 39 inatoka 4 gawanya kwa 39 mara 200, karibu lita 20. Usizibadilishe kwa mkupuo. Toa 5 rudisha 5, kila siku, siku nne. Itashuka 38, 37, 36, na siku ya nne 35 na kidogo. Samaki wengine wangevumilia haraka zaidi, konokono na nyota wa bahari hawavumilii.

Pima kila siku kabla ya kutoa maji, si baada, ili pampu ziwe zimeshachanganya ya jana. Na ukikuta konokono aliyekuwa amelala chini ameanza kupanda kioo siku ya tatu, bado maliza ya nne.